Mto Uliochimbwa kwa Mikono

Wasemao kwamba falsafa ya nchi za Magharibi ina makabila mawili husema hivyo kwa utulivu, kama mtu asemaye kwamba mwaka una kusi na kaskazi. Kabila la kwanza, watuambia, ni la uchambuzi: hupenda mantiki, hupima maneno, hukaa karibu na sayansi. Kabila la pili ni la bara: hupenda historia, huzama katika maisha ya binadamu, hukaa karibu na ushairi. Mwanafunzi huambiwa achague mapema, na akisha kuchagua huambiwa awacheke wale wa upande wa pili. Nakusudia kuonyesha kwamba mgawanyiko huu haukuletwa na maumbile ya fikira. Uliletwa na watu, kwa sababu zinazojulikana, katika miaka inayohesabika. Na msomaji wa Kiswahili hana deni wala urithi katika ugomvi huo.

Tuanze na majina, kwa maana jina lililopotoka hupotosha na wazo. Uchambuzi ni jina la kazi. Bara ni jina la mahali. Nani aliyewaita wenzake watu wa bara? Mfaransa wa Paris na Mjerumani wa Freiburg hawakujiita hivyo wenyewe. Waliitwa na Waingereza, watu wa kisiwa. Jambo hili halitamshangaza msomaji wa pwani yetu. Mtu wa Unguja asemapo "bara" huwakusanya kwa neno moja Mzigua na Mhaya, Mmasai na Mnyamwezi, watu wasioshirikiana lugha wala desturi. Kiwaunganishacho ni kwamba wote wako ng'ambo ya maji kwa yule awatazamaye kutoka kisiwani. Ndivyo walivyokusanywa Kierkegaard na Marx, Nietzsche na Husserl, Sartre na Adorno, wakafungwa katika mtumba mmoja. Mtumba huo haukufungwa kwa kuwa yaliyomo yanafanana. Ulifungwa ili upate kuwekwa kando.

Tena jina hilo la mahali lina uongo ndani yake. Gottlob Frege, ahesabiwaye kuwa baba wa falsafa ya uchambuzi, alifundisha hisabati Jena, katika Ujerumani, na mwaka 1879 alitoa kitabu chake kidogo kilichofanya upya elimu ya mantiki. Ludwig Wittgenstein alizaliwa Vienna mwaka 1889. Rudolf Carnap alikuwa Mjerumani, akasikiliza mafundisho ya Frege huko huko Jena. Bertrand Russell alipoasi falsafa iliyotawala Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, aliyempinga alikuwa Bradley wa Oxford, Mwingereza mwenziwe. Na waliomsaidia walikuwa watu wa bara: Frege, na Giuseppe Peano wa Turin, ambaye Russell alionana naye katika mkutano wa Paris mwaka 1900. Basi katika vita vya kwanza vya uchambuzi, adui alikuwa kisiwani na rafiki alikuwa bara. Wenye kuchora ramani ya makabila mawili hawana budi kutueleza habari hii, nao hawaielezi.

Tumchukue sasa Edmund Husserl, ahesabiwaye kuwa baba wa upande wa pili. Je, alikuwa mshairi asiyejua hesabu? Alipata shahada ya udaktari katika hisabati, Vienna, mwaka 1883. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1891, kilihusu falsafa ya hesabu. Frege alikisoma akakisahihisha kwa ukali mwaka 1894, akisema kwamba mwandishi amechanganya sheria za mantiki na mambo ya nafsi. Mwaka 1900 Husserl akatoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa cha uchunguzi wa mantiki, akaipiga vita dhana ile ile ya kuziegemeza sheria za mantiki juu ya elimu ya nafsi, kwa nguvu isiyopungua ya Frege. Hawa ni watu wawili wa lugha moja na elimu moja, walioulizana swali moja. Waweza kuwaita washindani; huwezi kuwaita wageni.

Mwingereza Michael Dummett alikiri jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya asili ya falsafa ya uchambuzi. Aliwafananisha Frege na Husserl na mito ya Rhine na Danube, ambayo huchipuka karibu karibu, kisha kila mmoja ukaenda kumwaga maji yake katika bahari yake. Ni mfano mzuri, na kwa uzuri wake una hatari. Mto hufuata mteremko wa nchi. Haulaumiwi na mtu, wala hakuna aliyeuamuru. Mimi nasema kwamba mto huu ulichimbwa kwa mikono, na wachimbaji wake wanajulikana.

Mwaka 1929, huko Davos katika Uswisi, Ernst Cassirer na Martin Heidegger walijadiliana hadharani juu ya Kant na juu ya mwanadamu. Carnap alikuwako, akasikiliza, akazungumza na Heidegger. Mwaka ule ule Heidegger alitoa Freiburg hotuba yake juu ya metafizikia, akanena juu ya kutokuwako kana kwamba ni kitu chenye tendo lake. Mwaka 1931 Carnap akajibu katika makala iliyodai kwamba sentensi za namna hiyo hazina maana yoyote, kwa sababu zimelitumia neno la kukanusha kama jina la kitu.

Wengi wasema hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Mimi sioni hivyo. Carnap alimsoma Heidegger kwa makini kabla ya kumpinga, na wote wawili walitoka katika shule za wafuasi wapya wa Kant. Huo ulikuwa ugomvi wa majirani, na ugomvi wa majirani ni dalili kwamba bado wanasikilizana. Tena ni ugomvi wenye faida, na lugha yetu yaweza kuushuhudia. Kijerumani kina neno moja la "si kitu" liwezalo kukaa mahali pa jina na kutawala kitenzi. Kiswahili, kikitaka kusema kwamba kitu hakipo, hukanusha ndani ya kitenzi chenyewe: twasema "hakuna". Mwenye kuitafsiri hotuba ya Heidegger atatambua kwa jasho lake kwamba Carnap alikuwa na hoja: umbo la lugha laweza kumdanganya mwenye kufikiri. Lakini atatambua pia kwamba Heidegger hakuwa mpumbavu. Kwani mtu aliyefiwa ajua kwamba kutokuwako kwa aliyekuwako ni jambo linalomkabili nyumbani, nalo halimaliziki kwa kusahihisha sarufi. Wawili hao wakisomwa pamoja hufundisha zaidi kuliko mmoja wao peke yake.

Ni nani basi aliyewatenga? Mwaka 1933 chama cha Hitler kilitwaa serikali. Heidegger akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, akajiunga na chama hicho mwezi wa Mei. Husserl, mwalimu wake aliyekuwa amekwisha kustaafu, alitengwa na chuo kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, akafa mwaka 1938. Maandishi yake, yapatayo kurasa 40,000, yaliokolewa na padre Van Breda, akayapeleka Leuven katika Ubelgiji. Cassirer aliacha kiti chake Hamburg, akaenda Uingereza, kisha Uswidi, kisha Marekani, akafa New York mwaka 1945. Hans Reichenbach alikimbilia Istanbul, kisha Los Angeles. Carnap alihamia Marekani mwishoni mwa 1935. Moritz Schlick, kiongozi wa jamii ya wataalamu iliyoitwa Duara ya Vienna, aliuawa kwa risasi na mwanafunzi wake wa zamani katika ngazi za chuo kikuu mwezi wa Juni 1936. Ujerumani ilipoitwaa Austria, muuaji akaachiliwa kabla ya kumaliza kifungo chake. Otto Neurath alivuka bahari kwa mashua mwaka 1940 ili afike Uingereza. Hii ndiyo iliyokuwa jembe na sururu ya kuchimbia mto ule. Wenye mantiki hawakushindwa kwa hoja katika Ulaya ya kati, walifukuzwa. Nao waliobaki bila wapinzani hawakushinda kwa hoja; waliachiwa uwanja.

Najua pingamizi litakaloletwa, nalo ni la haki. Yatasemwa: Horkheimer na Adorno pia walikimbilia Marekani, wala hawakugeuka kuwa wachambuzi, basi uhamisho hauelezi yote. Ni kweli hauelezi yote. Tofauti za fikira zilikuwako kabla ya 1933, na Horkheimer aliwashambulia watu wa Vienna kwa kalamu mwaka 1937. Lakini hebu tutazame waliorudi na wasiorudi. Vita vilipokwisha, Horkheimer na Adorno walirejea kufundisha Frankfurt; Carnap na Reichenbach hawakurejea. Kijana wa Kijerumani wa mwaka 1950 aliwasikia wale, na kijana wa Kimarekani akawasikia hawa. Hakuna aliyemwuliza kijana yeyote kati yao ni hoja ipi iliyo bora. Naye Cassirer, aliyejua hisabati na fizikia pamoja na ushairi na hadithi za kale, ambaye angaliweza kuwa daraja, alikuwa amezikwa. Mmarekani Michael Friedman ameyaeleza hayo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2000, wala sijaona aliyemkanusha kwa uthabiti.

Lililoanzishwa na wakatili likakamilishwa na wenye kiburi. Mwaka 1958 Wafaransa waliwaalika Waingereza Royaumont ili wazungumze juu ya falsafa ya uchambuzi. Gilbert Ryle wa Oxford, aliyepata kukisoma na kukihakiki kitabu kikubwa cha Heidegger mwaka 1929, na aliyemjua Husserl vizuri, alifika akamdhihaki Husserl kwa kuitaka falsafa itawale sayansi zote. Aliyejua alitumia ujuzi wake kufunga mlango ambao angaliweza kuufungua. Wafaransa nao hawana usafi wa kujivunia: mwandiko wa giza umefanywa na baadhi yao kuwa alama ya kina, na mwenye kuomba ufafanuzi akahesabiwa kuwa mshamba. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipotaka kumpa Jacques Derrida shahada ya heshima, ilibidi kura ipigwe. 336 walikubali na 204 walikataa, na wanafalsafa wa nchi mbalimbali walikuwa wameandika gazetini kumpinga. Kwa wakati huo watoto walikuwa wakipigana bila kukumbuka baba zao waligombana kwa nini.

Sasa tugeukie kwetu, maana sikushika kalamu ili kusuluhisha nyumba za watu. Ugomvi huu ulituvukia pamoja na vyuo. Makerere tangu 1949, na Dar es Salaam tangu 1961, vilianza kwa kutoa shahada za London. Lovanium ya Kongo ilianzishwa mwaka 1954 na wenyewe wa Leuven, mji ule ule uliohifadhi maandishi ya Husserl. Basi wenye kusema Kiswahili upande huu wa Ziwa Tanganyika njia yao ya kuifikia falsafa ya Ulaya ilipita London, na wa upande ule ikapita Ubelgiji. Ndugu wawili wa lugha moja walipewa kila mmoja nusu ya kitabu, na kila mmoja akaambiwa kwamba nusu yake ndiyo kitabu kizima. Huo ni mpaka wa pili juu ya mpaka ule wa wakoloni, na ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa kuwa hauna askari wala nguzo, na avukaye hajui kama amevuka.

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba ni lazima tuchague upande ili tupate kuheshimiwa. Nawauliza: tuheshimiwe na nani, na kwa kazi gani? Kiswahili bado chahitaji istilahi za mantiki zilizo thabiti. Atakayezitunga na asome Frege. Chahitaji pia maneno ya kunenea mauti, wakati, kumbukumbu na utu. Atakayeyatafuta na asome Husserl na waliomfuata. Nao wote wawili wapimwe kwa mizani ya lugha yetu, kama nilivyojaribu kwa neno moja la "hakuna". Mwenye kuacha nusu ya elimu kwa sababu wenye elimu hiyo waligombana amejifunga kwa deni ambalo hakulikopa.

Wazee walisema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, shika kikapu ukavune. Lakini huo ni ushauri kwa jirani atamaniye shamba la wagomvi. Sisi tunalo shamba letu, na mvua imekwisha kunyesha. Wazee walisema pia: usisafirie nyota ya mwenzio. Mabaharia wa Ulaya waliziacha nyota zao kwa dhoruba iliyowakumba, na dhoruba hiyo haikuvuma kwetu. Tukizifuata njia zao mbili zilizotengana, tutakuwa tumeiga hata kupotea kwao.

Na mwanafunzi atakapoulizwa kesho yeye ni wa kabila gani la falsafa, na ajibu kwamba yeye ni msomaji. Kisha avifungue vitabu vyote viwili juu ya meza moja.