Marekani: bunduki anaruhusiwa, lakini unga wa kulipuka unaweza kumurudisha mukimbizi kwao

Kopo mbili ndogo, moja ya chembe nyeupe, ingine ya unga wa rangi ya majivu. Huko Marekani zinauzwa kwenye duka za vifaa vya uwindaji, na kwa sehemu kubwa ya inchi mununuzi haulizwi kibali wala karatasi. Anazipeleka shambani, anachanganya, anaweka mbali, kiisha anapiga risasi ya bunduki ya nguvu. Buum! Wingu jeupe linapanda, watu wanacheka. Ni muchezo wa siku ya mapumuziko. Jina linalojulikana zaidi ni Tannerite, lakini yako na mengine.

Kwa familia za Kivu, Ituri ao Tanganyika zenye watoto wao Marekani, jambo hili haliko mbali kama linavyoonekana. Kwa miaka kadhaa Wakongomani ndio walikuwa kundi kubwa zaidi kati ya wakimbizi waliopokelewa huko, na wengi walipelekwa kwenye majimbo ambako kupiga shabaha ni kitu cha kawaida kama mupira: Texas, Kentucky, Idaho, Arizona. Kijana akialikwa na rafiki wa kazi, anaenda. Shida ni kwamba sheria inayomuruhusu rafiki yake inaweza kumufunga yeye.

Sheria yenyewe iko na kona. ATF, ofisi ya serikali kuu inayosimamia silaha na vilipuzi, inasema hivi: vitu hivyo viwili vikikaa mbalimbali, si kilipuzi. Chembe nyeupe ni zaidi nitrati ya amonia, ile ile ya mbolea ya mashamba. Ule unga ni aluminiumu. Vikichanganywa tu, papo hapo vinageuka kilipuzi mbele ya sheria, hata kama hakuna mutu aliyepiga risasi bado. Raia anaweza kuchanganya bila leseni kama ni juu ya kupiga shabaha yake mwenyewe. Lakini hana ruhusa ya kuuza muchanganyiko huo, ao kutembea nao kwenye motokari barabarani, na akitaka kuuweka anapaswa kufuata kanuni za stoo za vilipuzi. Maana yake, kilipuzi kinazaliwa shambani, mukononi mwa mutu ambaye hakuna aliyemuchunguza.

Na si kwamba Marekani haijui nitrati hiyo. Tarehe 19 mwezi wa ine 1995, mu Oklahoma City, gari lililojazwa mbolea ya namna hiyo pamoja na mafuta liliangusha jengo la serikali na kuua watu 168. Jimbo la Maryland, tangu 2012, linadai kibali cha vilipuzi hata kwa kopo ambazo hazijachanganywa. Idara ya misitu nayo ilianza kukataza shabaha hizo ndani ya misitu ya serikali, kwanza eneo la milima ya Rocky mwaka 2013, kisha kuona moto unazidi. Kwingine, duka ziko wazi.

Moto unaokumbukwa zaidi ni ule wa Arizona. Tarehe 23 mwezi wa ine 2017, askari wa mipaka aliyekuwa kwenye mapumuziko alitaka kuonyesha jamaa kama mutoto atakayezaliwa ni muvulana ao musichana. Ndani ya shabaha aliweka poda ya buluu: muvulana. Alipiga, poda ikapanda, na majani makavu yakashika moto. Upepo ulikuwa mukali. Hektari karibu 19.000 ziliungua, hasara ikapita dola milioni 8. Mwaka 2018 alikubali kosa, akapewa miaka mitano ya kuchungwa na mahakama pamoja na deni la zaidi ya milioni 8, dola laki moja kwanza, kiisha 500 kila mwezi. Kwa hesabu hiyo, hata wajukuu wake hawatalimaliza.

Angalia vizuri: hakushitakiwa juu ya kuchanganya. Hilo lilikuwa ruhusa yake. Alishitakiwa juu ya moto.

Kwa mukimbizi mupya, mambo yanageuka. Sheria ya silaha ya serikali kuu haimukatazi mukimbizi aliyepokelewa kisheria kununua bunduki. Watu wanasikia hivyo na wanafikiri, kama bunduki ni sawa, kopo la unga ni nini? Lakini sheria ya vilipuzi ni ingine kabisa. Hiyo inamukataza mugeni yeyote kushika kilipuzi kama hajapata kadi ya ukaaji wa kudumu, isipokuwa watu wachache kama askari wa inchi za NATO. Mukimbizi wa kawaida hayuko kwenye hesabu ya hao wachache. Kwake, dakika ya kuchanganya njo dakika ya kosa. Azabu inaweza kufika miaka 10 ya jela, na sheria ya uhamiaji inahesabu kosa hilo kati ya makosa mazito kabisa, yale yanayoweza kumufukuzisha mutu Marekani. Hakuna haja ya moto wala mutu kuumia.

Kuna kitu kisicho cha haki hapo. Rafiki aliyezaliwa Marekani anaweza kulipua kilo 36, kama ilivyofanyika New Hampshire mwaka 2021 kwenye sikukuu ingine ya mutoto, nyumba za jirani zikatetemeka. Lakini mutu aliyekimbia mabomu ya Masisi anaweza kupoteza kila kitu juu ya kopo moja alilochanganya akicheka na wenzake.

Mukimbizi anaweza kuomba kadi hiyo kisha mwaka mumoja wa kukaa Marekani, na jibu linaweza kukawia. Wakati huo wote kopo ziko dukani, na muuzaji hana lazima ya kumuuliza mununuzi kama kadi yake imefika.