Kosa la Kubadili Wachezaji Tusimtwishe Mtoto

Ndugu wanakijiji na wanaushirika,

Tangu Jumapili maneno hayaishi, chini ya mwembe hata kwenye mizani. Ugomvi ni goli la vijana wetu wa chini ya miaka 15 katika mechi ya mbuzi na majirani zetu. Wapo wanaosema ati tusichange tena lori moja nao kupeleka machungwa Tanga mjini. Jamani! Hebu tulitazame jambo lenyewe taratibu.

Lilikuwa hivi. Mwalimu wetu alimsukuma kijana wa akiba aingie, na wa kutoka hajatoka. Tukawa 12 uwanjani. Goli likaingia, refa akalikubali, mpira ukaanzishwa kati. Ndipo majirani wakahesabu vichwa, makelele yakapanda. Refa akalifuta goli, akampa mtoto kadi nyekundu. Mtoto akatoka analia, na sisi wakubwa, naona haya kusema, tukamtukana. Mpaka leo haji mazoezini.

Mie nilijua kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Basi nimeazima kitabu cha sheria za mpira, nikakisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Sheria ya 3 inataka hivi: refa aambiwe kwanza, anayetoka atoke, ndipo wa akiba aingie kwenye mstari wa kati, mpira umesimama, na refa ametoa ishara. Anayeingia bila ruhusa hupewa kadi ya njano, si nyekundu. Goli la watu 12 likigunduliwa kabla mpira haujaanzishwa tena, linafutwa. Likigunduliwa baada ya hapo, haliwezi kufutwa. Aliyezidi anatolewa, na refa anaandika ripoti.

Kwa hiyo refa alikosea mara mbili. Lakini na sisi tulikosea kabla yake, maana goli tulilipata tukiwa 12. Hapa asijisifu mtu.

Kosa hili huwapata hata wakubwa wa dunia. Aprili 2022 huko Ujerumani, Bayern Munich walikuwa 12 uwanjani kwa sekunde kadhaa walipocheza na Freiburg. Freiburg walilalamika kwa chama cha mpira cha nchi yao. Malalamiko yakakataliwa, matokeo ya 4-1 yakabaki, na lawama kubwa ikaenda kwa waamuzi, kwa kuwa hawakuhakikisha idadi kabla ya kuendeleza mchezo.

Tutazame na mpira wa kikapu, ambao watoto wa sekondari huucheza kwenye UMISSETA. Timu ikikutwa na watu sita uwanjani badala ya watano, kosa anaandikiwa mwalimu wa timu, na wapinzani wanapewa mtupo mmoja wa adhabu. Haandikiwi mtoto. Hapo ndipo penye akili, kwani mtoto huingia anapoambiwa ingia. Nasi kwenye ushirika karani akikosea kuandika kilo, hatumgombezi mkulima aliyeleta gunia. Tunafungua daftari.

Maoni yangu ni haya:

Kwanza, matokeo yabaki kama refa alivyosema na mbuzi wakae naye majirani. Refa ni kijana aliyekubali kupuliza filimbi bila malipo. Tukimzomea, kesho nani ataishika?

Pili, mwalimu aende mwenyewe kwa wazazi wa kijana, nami nitamsindikiza. Aseme mbele yao: kosa lilikuwa langu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtoto arudi mazoezini.

Tatu, mechi ijayo pawekwe meza, daftari na mtu mmoja kutoka kila kijiji. Aandike namba ya anayetoka na ya anayeingia. Idadi ya wachezaji wa akiba ikubaliwe na timu zote mbili na refa aambiwe kabla ya mchezo. Tena sheria isomwe kwa sauti, wasiojua kusoma nao wasikie.

Nne, lori libaki moja. Kukodi malori mawili kwa ajili ya goli moja ni kutupa fedha za wakulima.

Anayepinga aje aseme mkutanoni, si vichochoroni. Mechi huisha jioni, ndugu zangu, na asubuhi majirani ni wale wale.

Ushirika ni nguvu!

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji