Vuli Imefika, Twendeni Bagamoyo Tukatazame Maigizo

Mama msomaji, mama mmoja wa kwaya yetu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Binti yake ana miaka 12. Ameona filamu za Nigeria, za Korea na za Uturuki zisizo na idadi, lakini hajawahi kuona mtu akiigiza mbele ya macho yake, isipokuwa Krismasi kanisani, na hapo yeye mwenyewe alikuwa kondoo. "Nimpeleke wapi?" akaniuliza. Kisha akapunguza sauti: "Na je, huko ni mahali pa kumpeleka mtoto wetu?"

Nianze na hilo la pili, maana ndilo zito. Sisi tuliokuwa Dar es Salaam miaka ya 1990 tunakumbuka maonyesho yalikuwa wapi. Vikundi vikubwa kama Muungano na Tanzania One Theatre vilikusanya kila kitu katika onyesho moja: ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo, halafu taarabu kufungia. Vilijaza watu kweli kweli. Lakini mara nyingi ukumbi wenyewe ulikuwa uwanja wa baa, watu wakitazama huku chupa ziko mezani. Mama aliyesikia neno "maigizo" alisikia "baa", akabaki nyumbani na watoto wake, nami simlaumu. Na kabla ya hapo kulikuwa na jambo la zamani zaidi. Mama mkwe wangu, Mgogo wa Dodoma, aliwahi kutengwa meza ya Bwana karibu mwaka mzima akiwa msichana, kwa kosa la kuonekana kwenye ngoma ya arusi. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuambiwa tu, "Mama, leo tunakwenda kwenye ngoma," akachukua mkoba wake.

Hata hivyo alikuja. Ilikuwa mwaka 2018, nasi tulikwenda Bagamoyo.

Kwa wasiopajua, Bagamoyo ni mwendo wa kama kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, na pale ndipo ilipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ambayo wengi wetu bado tunaiita Chuo cha Sanaa. Kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 2007 kikafanywa wakala wa serikali. Vijana husomea pale kuigiza, kucheza ngoma, kupiga muziki, sarakasi na uchoraji. Ukumbi wake wa zamani uliungua moto mwaka 2002, ukajengwa mwingine mkubwa. Kila mwaka hufanyika tamasha lenye vikundi vya mikoani na vya nchi za nje. Zamani tulizoea kulisikia mwishoni mwa Septemba. Miaka ya karibuni limeangukia zaidi vuli yenyewe, Oktoba au Novemba. Tarehe na kiingilio hubadilika, kwa hiyo ulizeni kabla ya kufunga safari.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri: bwana wangu, mama mkwe, binti yetu wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka 8. Bwana wangu alikuja kwa shingo upande, maana jioni ile kulikuwa na mpira. Tulipandia basi Makumbusho, tukiwa na kapu la maandazi na chupa ya chai.

Asubuhi tuliwapeleka watoto Misioni, mahali ambapo mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuwapokea waliokombolewa kutoka utumwani. Tuliwaonyesha pia mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Ni vizuri kuviona, ila msikae huko mpaka watoto wachoke mkasahau kilichowaleta.

Mchana ngoma zilianza. Walikuwepo Wamakonde na vinyago vyao usoni, mdogo wetu akajificha nyuma ya kanga yangu huku anachungulia. Halafu wakaingia akina mama wa Kigogo na zile ngoma ndefu zinazobanwa kwa mapaja na kupigwa kwa viganja. Namna hiyo ya muziki watu wa nchi za mbali waliijua kupitia Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufundisha hapa hapa Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Nilimtazama mama mkwe kwa pembe ya jicho. Hakucheza, wala hakutikisa kichwa. Alitua mkoba wake chini, akaangalia muda mrefu, kisha akamwinamia binti yangu: "Yule wa kushoto anachelewa. Sisi hatukuwa tunachelewa." Basi.

Kabla sijafika kwenye igizo, niseme machache ya nyumbani. Mwenye watoto wadogo achague maonyesho ya mchana na ya jioni mapema. Ngoma na maigizo huwa nyakati hizo, na usiku ukiendelea hufuata bendi na vijana wengi. Sisi saa 3 usiku tulikuwa tumeshatoka. Bebeni kanga ya akiba, kwa kuwa mvua ya vuli haipigi hodi, na upepo wa bahari hauko mbali. Na simu, jamani! Aliyekaa mbele yetu alinyanyua ya kwake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akatazama mchezo wote katika kioo cha ukubwa wa kiganja wakati watu wenyewe wako hatua kumi kutoka kwake.

Asiye na nauli ya kwenda mbali atafute karibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wanafunzi wa sanaa za maonyesho huigiza michezo kama sehemu ya masomo yao. Ndipo walipofundisha Ebrahim Hussein na Penina Muhando. Mkisikia popote kwamba wanaonyesha Kinjeketile, wapelekeni wanaosoma sekondari. Ulichapishwa mwaka 1969, nao unahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na yale maji yaliyoaminiwa kwamba yatazuia risasi. Mtoto aliyekariri miaka ya vita hivyo kwa ajili ya mtihani ataona kwa mara ya kwanza kwamba ni watu waliokufa. Na mkisikia Nguzo Mama wa Penina Muhando, wa mwaka 1982, acheni sufuria jikoni mwende. Wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo moja, nayo haisimami, na kila anayeiacha kamba ana sababu yake. Mkutano wowote wa akina mama niliowahi kuhudhuria umo ndani ya mchezo ule.

Sasa lile igizo la Bagamoyo. Lilikuwa la kikundi kidogo cha vijana, halina mapambo: kitanda cha kamba, kigoda, kanga nyeusi. Mume amekufa. Siku ya kuanua matanga shemeji anakuja na karatasi, anamwambia mjane ni ya kuandikisha rambirambi. Mjane hajui kusoma. Sisi watazamaji tunajua ni kiwanja kinachokwenda, kwa sababu tumemwona shemeji akipanga maneno na mwenzake. Yule mama akachovya dole gumba katika wino.

Hapo ukumbi ukachafuka. "Usitie! Mama, usitie dole!" Wanawake walipiga kelele kutoka kila upande, na mimi mmoja wao. Hili ndilo jambo ambalo runinga haiwezi kukupa. Ukiipigia kelele runinga, unaonekana mwenye wazimu sebuleni kwako. Hapa mwigizaji alitusikia. Alisimamisha mkono hewani, akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Akasema, polepole, "Nisitie? Na watoto mtanilishia nyinyi?"

Pakawa kimya. Ndipo nikasikia sauti pembeni yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama. "Mwulize imeandikwa nini!" alisema, si kwa ukali, kama mtu anayemwambia jirani maziwa yanafurika. "Mwite mtoto wako akusomee!"

Yule mwigizaji akamtazama. Nadhani alitaka kujibu. Kisha akatia dole.

Mama mkwe akaketi. "Ndivyo inavyokuwa," akasema, akaokota mkoba wake kuuweka mapajani. Hakusema jingine mpaka mwisho.

Ndani ya basi la kurudi, watoto wamelala, bwana wangu akauliza kwa utani, "Mama, leo umetaka kupanda jukwaani?" Akatujibu bila kugeuka dirishani. Mwaka 1987, wiki ya pili baada ya kumzika mumewe, alitia dole gumba katika karatasi aliyoletewa na mdogo wa marehemu. Ilikuwa ya kile kiwanja cha mjini Dodoma chenye mwembe. Bwana wangu alikuwa na miaka 15, yuko bweni. Miaka yote hiyo amejua kwamba baba yake mdogo alikinunua kwa haki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na ada yako alikuwa analipa nani?"

Bwana wangu akanyamaza. Baba yake mdogo ndiye aliyemsomesha mpaka chuo, hilo ni kweli, na hadi alipofariki tulikuwa tunamwita mfadhili wetu. Kutoka Bunju mpaka Makumbusho hakuna aliyezungumza. Niliwaza mengi, na mojawapo lilikuwa kwamba nimeishi na mama huyu miaka 16, tumepika pamoja, tumeomba pamoja, naye hakuwa amepata mahali pa kulisema neno hilo mpaka kijana wa watu, aliyejifunga kanga nyeusi ya kuigizia, alipolifanya mbele yake.

Bwana wangu hakuuliza matokeo ya mpira. Usiku ule alishusha bati la biskuti ambamo tunaweka karatasi zetu, akalimwaga kitandani: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, risiti za kodi, na mkataba wa mauziano wa kiwanja chetu cha Kibaha. Kiwanja kile tulikinunua kwa mkopo wake na kwa fedha zangu za upatu, mwaka mzima wa upatu. Jina lilikuwa moja, lake. Akausoma mkataba mara mbili, akaurudisha ndani ya bati. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, aliniomba kitambulisho changu akakitoe kopi. Sikumwuliza cha nini.

Nilimsimulia yule mama wa kwaya haya yote wakati tunakunja majoho baada ya ibada. Alinisikiliza, akakaa kidogo, akauliza igizo lile lilikuwa saa ngapi, na kama binti wa miaka 12 angelielewa. Nikamwambia wa kwangu alikuwa na miaka 13, na siku iliyofuata alimwomba bibi yake amweleze mwembe ule ulikuwa upande gani wa nyumba. Basi vuli hii tumepanga kuongozana, familia zote mbili. Maandazi nitapika mimi, yeye ataleta mihogo ya kukaanga. Mama mkwe naye amesema anakuja, ila safari hii tuwahi, anataka kiti cha mbele.