Kutoka Musienene hadi Beni: ndege ingetumia dakika chache, lakini msafiri anahesabu siku

Mkaaji wa Musienene, wilayani Lubero, akiuliza Beni ni mbali kiasi gani, jibu la ramani ni rahisi. Kufika Butembo ni chini ya kilomita 20, kisha kilomita 54 za barabara ya kitaifa nambari 2 hadi Beni. Kwa mstari ulionyooka, Butembo na Beni hazipitishi kilomita 50. Ndege ndogo ikiruka kutoka uwanja wa Rughenda, mjini Butembo, ingekuwa juu ya Beni kwa muda wa dakika kumi au kumi na tano.

Ila hakuna anayepanda ndege kwa mwendo huo. Mwenye kwenda Kinshasa hupita Butembo, Maboya na Kabasha, huvuka mji wa Beni, kisha huendelea hadi uwanja wa Mavivi, upande wa kaskazini kwenye njia ya Oicha. Ni kilomita zaidi ya 80 za barabara kabla ya kupanda ndege. Na si kilomita za kawaida: Maboya ilishambuliwa na waasi wa ADF Oktoba 2022, na tangu hapo wasafiri wengi hawapendi giza liwakute njiani.

Uzito wa safari hii umeongezeka tangu mwaka 2025. Mwishoni mwa Januari mwaka huo, M23 iliteka Goma na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Gavana mpya wa kijeshi, Évariste Somo Kakule, akaanza kazi yake Beni. Kwa hesabu ya kilomita peke yake, watu wa Musienene wamepata faida: serikali ya jimbo, iliyokuwa zaidi ya kilomita 250 kusini, sasa iko karibu kilomita 70 kaskazini.

Lakini ofisi ilihama bila ndugu. Familia nyingi za Lubero zina watoto, mashemeji na deni la biashara Goma. Zamani kutoka Beni ndege ndogo ilitumia karibu dakika 45 kufika huko, na gari lilishuka kupitia Lubero, Kirumba na Kanyabayonga. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na mapigano yakaikata njia hiyo.

Baki ni kuzunguka Uganda. Msafiri anapanda kwanza kaskazini, kinyume na anakokwenda: Beni, kisha kilomita 80 hadi Kasindi, anavuka mpaka wa Mpondwe, Kasese, Mbarara, Kabale na Kisoro, halafu anaingia tena Congo kwa Bunagana. Ni zaidi ya kilomita 600 na kuvuka mpaka mara mbili, ili kufika mji wa jimbo lake mwenyewe. Mwenye mgonjwa au maiti ya kusafirisha anajua maana yake.

Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua huko Mpondwe mradi wa barabara za kilomita 223. Ndani yake zimo Kasindi–Beni, Beni–Butembo, na Bunagana–Rutshuru–Goma. Wakati huo Bunagana ilikuwa bado mikononi mwa serikali. M23 iliichukua mwaka mmoja baadaye. Kipande cha katikati, kile cha Butembo hadi Rutshuru kinachopita Musienene, hakikuwemo katika mradi.