Tuitoe Ndoana kwa Utulivu

Ndugu wananchi wa Mabanga, na nyinyi majirani zetu wa Webuye, Chwele hadi Kitale, leo naomba tuzungumze kuhusu jambo dogo linalotukia kila mara kandokando ya mito na vidimbwi vyetu. Samaki akishanaswa, tunamshikaje, na tunamtoaje ndoana bila mtu kuumia?

Ni boma gani hapa kwetu lisilo na kijana anayechukua mwanzi wake kuelekea Nzoia au Kuywa shule zinapofungwa? Na samaki hayuko mtoni pekee siku hizi. Tangu mwaka wa 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kimoja cha mita 300 za mraba, ufugaji wa samaki umeingia mashambani. Kwa hiyo samaki hai anapita mikononi mwa watu wengi: wazee, akina mama, vijana na hata watoto wadogo.

Kutega tunakujua. Chambo tunakijua. Haraka hutushika pale samaki anapotua kwenye nyasi akirukaruka. Kila mtu anamrukia, mwingine anavuta mshipi, mwingine anamkanyaga. Hapo ndipo vidole huchomwa.

Tuanze na mikono. Ilowesheni majini kabla ya kumgusa samaki. Ngozi yake ina ute unaomkinga dhidi ya magonjwa, na mkono mkavu huufuta ute huo. Ikiwa ni samaki mchanga utakayemrudisha akue, ute huo ndio uhai wake. Tena usimlaze kwenye mchanga wa moto. Mweke juu ya majani mabichi au gunia lililoloweshwa.

Pili, mjue unayemshika. Tilapia ana safu ya miiba mgongoni. Anza kichwani, telezesha kiganja kuelekea mkiani, miiba ilale chini ya mkono wako, kisha umshike kwa uthabiti bila kumbana tumbo. Ukienda kinyume, miiba itakukaribisha.

Kambare, ambaye wengi wetu tunamwita mumi, anataka adabu zaidi. Watu huogopa sharubu zake, lakini sharubu hazina neno. Hatari iko kwenye mapezi mawili ya nyuma ya kichwa. Kila moja lina mwiba mgumu wenye meno madogo ubavuni, na akishtuka huikaza miiba hiyo nje, kulia na kushoto. Mshike kutoka nyuma: kiganja kilale juu ya kichwa, kidole gumba kikae nyuma ya mwiba wa upande mmoja, na kidole cha shahada nyuma ya ule wa pili. Hapo hawezi kukuchoma. Usimtie vidole mdomoni pia, kwa kuwa taya zake zina vijino vinavyokwaruza kama msasa. Na usidanganyike akitulia. Kambare huweza kuvuta hewa ya nje, kwa hiyo hukaa hai muda mrefu nchi kavu, na anaweza kujipinda ghafla ukidhani amekwisha kufa.

Sasa ndoana yenyewe. Je, una koleo ndogo kwenye mfuko wako wa uvuvi? Ishike ndoana kwenye kipindo chake, isukume kidogo kulegeza ncha, kisha irudishe kwa njia ile ile iliyoingilia. Ikiwa ameimeza na unataka kumrudisha majini, kata mshipi karibu na mdomo umwache aende. Ikiwa ni wa mboga, muue kwanza kwa pigo moja la kichwani, asiteseke, ndipo uitafute ndoana kwa nafasi. Usiiache tumboni mwake, kwani anayemwandaa jikoni hana habari nayo.

Kuna njia nyingine ya kupunguza taabu. Kabla ya kutega, kandamiza kwa koleo kile kijimwiba kilicho nyuma ya ncha ya ndoana. Mshipi ukiendelea kukazika, samaki hatoroki, na kumtoa kunakuwa kazi ya sekunde chache. Hata ikikupata wewe, itatoka kwa urahisi zaidi.

Na ikikupata na kijimwiba chake? Tafadhali, usiivute. Kata mshipi, iache palepale, nenda kituo cha afya kilicho karibu, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Ikiingia jichoni, usiiguse kabisa, kimbia hospitali. Mchomo wa mwiba nao tuuoshe kwa maji safi na sabuni, tusiupake udongo wala mafuta ya taa. Kidole kikivimba au kikipata joto, mwone mhudumu wa afya mapema.

Kila mmoja wetu ana nafasi yake. Wewe mwenye duka, unaweza kuzifunga ndoana kwenye karatasi nzito unapomuuzia mtoto? Wewe mwenye kidimbwi, waonyeshe vibarua wako jinsi ya kumshika kambare kabla ya siku ya mavuno. Mwalimu, dakika chache kabla ya likizo zinatosha. Na sisi sote tusiache ndoana wala vipande vya mshipi ukingoni. Watoto hupita hapo miguu mitupu, na ng'ombe hunywa maji papo hapo.

Wenye vidimbwi wanaotaka kujua zaidi, Kituo cha Mafunzo ya Kilimo kiko hapa hapa Mabanga, na maafisa wa uvuvi wa kaunti wapo. Twende tuwaulize.

Wazazi wangu, samaki mkunje angali mbichi. Likizo ijayo, kabla mtoto hajatoka na mwanzi wake, mketishe kidogo. Mfundishe kulowesha mikono, mpe koleo, mwambie asiende peke yake, wala asikaribie mto uliofurika. Kisha mwache aende akavue, nanyi mbaki nyumbani mkiinjika sufuria.