Them Mushrooms na mzigo wa wimbo mmoja

IKIWA ipo bendi ya humu nchini inayoujua vyema uzito wa mafanikio, basi ni Them Mushrooms. Wimbo wao wa 'Jambo Bwana', uliotolewa mwaka wa 1982, haujapata kupumzika tangu siku hiyo.

Mtunzi wake, Teddy Kalanda Harrison, alifariki Septemba 2024. Kifo hicho kililirejesha swali ambalo limeiandama bendi hiyo kwa zaidi ya miongo minne: je, kundi lililoundwa mwaka wa 1972 na ndugu wa familia moja ya Pwani liulinde urithi wake jinsi ulivyo, au liuache nyuma na kusonga mbele?

Wimbo wenyewe ulizaliwa hotelini. Bendi ilikuwa ikitumbuiza watalii katika hoteli za ufuo wa Mombasa, na Kalanda akaona jinsi wageni hao walivyopenda kujifunza maneno mawili matatu ya Kiswahili. Akayakusanya maamkizi hayo na kuyatia katika lahani nyepesi ambayo hata mgeni aliyeshuka ndege jana angeiimba leo.

Wasanifu wa lugha walilalamika, na hawakukosea. Mswahili wa Mvita humwamkia mwenzake kwa 'hujambo' wala si 'jambo' tupu, na akitaka kumtuliza humwambia hakuna wasiwasi. Hata hivyo, mgala muue na haki yake umpe: ni nyimbo chache mno zilizokifikisha Kiswahili mbali kiasi hicho.

Mwaka wa 1983, kundi la Boney M lenye makao yake Ujerumani lilirekodi toleo lake. Bendi nyingine za Kenya, hasa Safari Sound, nazo zikauimba na kuusambaza. Ndipo mtalii akaujua wimbo bila kumjua mwenyewe, na hadi leo wapo wanaodhani ni wimbo wa jadi usio na mtunzi. Mwaka wa 1994 ilikuja filamu ya The Lion King, na baadaye kampuni ya Disney ikasajili maneno 'hakuna matata' kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani. Suala hilo lilizua malalamiko makali Afrika Mashariki mwaka wa 2018.

Kinachosahaulika ni kwamba Them Mushrooms hawakuwahi kukaa kitako wakiulea wimbo huo. Walianza na reggae, wakaingia katika chakacha, wakajaribu benga. Mwaka wa 1987 walihamia Nairobi, mbali na ufuo uliowapa jina. 'Nyambura' na 'Ndogo Ndogo' zilipendwa na Wakenya ambao hawajawahi kulala katika hoteli ya kitalii.

Kwa maoni yangu, hatua yao ya busara kuliko zote ilikuwa kuwatafuta wazee. Walirekodi na Fundi Konde, mtunzi wa 'Tausi', wakati ambapo jina la mkongwe huyo lilikuwa limeanza kufifia. Bendi iliyokuwa ikihofiwa kufungwa na historia yake iliamua kuibeba historia ya wengine pia, na kwa kufanya hivyo ikapata kazi mpya.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walijaribu hata kubadilisha jina na kujiita Uyoga. Jina lilikuwa la Kiswahili safi, lakini mashabiki waliendelea kusema 'Mushrooms' kana kwamba hawakusikia. Kalanda alipojiondoa jukwaani, nduguze, wakiwemo Billy Sarro na John Katana, waliendelea na safari, na mwaka wa 2022 bendi ikatimiza miaka 50.

Sisi wa magazeti hatuna budi kujilaumu. Sikumbuki ni mara ngapi nimehariri taarifa kuhusu kazi mpya ya bendi hii nikaishia kuweka 'Jambo Bwana' katika kichwa cha habari, na albamu yenyewe nikaibakishia aya ya mwisho. Mwenye hoteli hufanya vivyo hivyo: huwalipa kwa ajili ya wimbo wa kale, kisha tukasema hawana jipya.

Makundi mengine yamechukua njia tofauti. Msondo Ngoma ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka wa 1964 ikiitwa NUTA Jazz, imeishi kama taasisi: waimbaji huondoka, jina hubadilika, mtindo hubaki. Muhidin Maalim Gurumo alifariki mwaka wa 2014 na bendi ikaendelea. Sauti Sol nao, waliokuwa pamoja tangu 2005, walitangaza mapumziko mwaka wa 2023 wakiwa bado kileleni, kila mmoja akashika njia yake.

Them Mushrooms hawangeweza kufuata njia yoyote kati ya hizo kwa wepesi. Hii ni bendi ya ndugu. Kustaafu kwa mmoja si sawa na kuondoka kwa mwajiriwa.

Lililo muhimu sasa ni haki za utunzi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya muziki hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Kwa hivyo 'Jambo Bwana' ina ulinzi hadi mwisho wa 2074. Swali ni iwapo fedha zinazotokana na kila hoteli, kila redio na kila mtandao unaoucheza zitawafikia wanaostahili. Wimbo ulitoka mwaka mmoja kabla ya kuundwa kwa chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, MCSK, na tangu hapo wasanii wa Kenya hawajaacha kulalamikia malipo duni.

Mirabaha ikilipwa ipasavyo, bendi haitalazimika kuuimba wimbo huo kila usiku ili ipate mkate. Itauimba inapopenda, na muda uliosalia itaingia studioni kurekodi mengine.