Kifusi peke yake si uwanja, tuulize mtaro uko wapi

Ukifika Iwawa, yaliko makao makuu ya Wilaya ya Makete, jaribu kutafuta tambarare ya mita 105 kwa 68 inayotosha uwanja wa mpira. Utazunguka sana. Huku ni milima, na penye ubapa mara nyingi ni bondeni kwenye vinyungu, ambako maji yalishafika kabla yetu. Ndiyo maana kila mjadala wa klabu kuwa na uwanja wake mwenyewe huishia kwenye sentensi ileile ya kijiweni: "Si tumwage kifusi tu!"

Kila nikiisikia hiyo "tu" naikumbuka Jangwani.

Yanga ni klabu ya mwaka 1935. Ina mashabiki kila kona ya nchi, hadi huku kwenye baridi ambako jezi ya kijani inavaliwa juu ya sweta. Lakini mechi zake za nyumbani inachezea kwenye viwanja vya wengine. Si kwamba haina eneo. Uwanja wa Kaunda uko palepale makao makuu, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na kuna vizazi vya wachezaji waliofanyia mazoezi pale. Shida ni kwamba mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, maji nayo yanataka kufanya mazoezi palepale. Enzi za mwenyekiti Yusuf Manji ulikuja mchoro wa uwanja mkubwa wa kisasa. Baadaye yakaja malori ya kifusi kuunyanyua. Na kila baada ya miaka michache tunaletewa picha nyingine nzuri ya majukwaa, tunazisambaza kwenye simu, tunatambiana, tunalala.

Simba msicheke sana. Ni kweli mwaka 2019 mlizindua uwanja wenu wa mazoezi Bunju, na hongera kwa hilo, ila nanyi mechi za nyumbani mnabisha hodi kwa watu. Waliotulia kwao ni Azam pale Chamazi.

Kiukweli Jangwani haikukwama kwa kukosa mapenzi wala kwa kukosa udongo. Lile ni bonde ambalo mto unalitumia kupumulia. Ukinyanyua kipande kimoja, maji hayapotei, yanahamia kwa jirani, na yakizidi yanarudi kwako. Depo ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale nayo imeingiliwa na maji zaidi ya mara moja, na ile ilikuwa na fedha na wahandisi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, ikiwemo kazi ya kuupanua mto na kujenga daraja jipya la Jangwani. Yaani ili hoja ya uwanja iwe na maana pale, kwanza mto upewe njia yake.

Kama unadhani nasema haiwezekani, waangalie Everton. Hawa tunawajua, Julai 2017 walikuja Dar kucheza na Gor Mahia na Wayne Rooney akafunga kwa shuti la mbali. Uwanja wao mpya wameujenga ndani ya gati la zamani la meli, Bramley-Moore, ambalo lilikuwa na maji kabisa. Walileta mchanga kutoka baharini, karibu mita za ujazo 500,000, wakajaza na kuushindilia, wakachimbia nguzo za msingi, ndipo majukwaa yakaanza kupanda. Agosti 2025 wakacheza mechi yao ya kwanza ya ligi pale na kuifunga Brighton 2-0. Shabiki aliona majukwaa, lakini sehemu kubwa ya kazi ilishafukiwa chini.

Sasa turudi Iwawa. Huku hatuna gati wala Msimbazi, tuna mteremko. Kawaida mteremko unakatwa upande wa juu na udongo wake unasukumwa upande wa chini hadi eneo linakuwa sawa. Kwa macho umemaliza. Lakini nusu moja ya uwanja imekaa juu ya ardhi ngumu ya asili na nusu nyingine juu ya udongo wa kumwaga, na masika ya kwanza tu ile nusu ya pili inashuka. Niliwahi kucheza kwenye uwanja wa namna hiyo nikiwa shule, sitautaja. Katikati palikuwa na kama ngazi. Winga wa kulia alikuwa anakimbia akiinama upande mmoja kama lori la viazi lililozidisha mzigo, na rafiki yangu aliyevunjika kifundo cha mguu pale hakucheza tena. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao mpaka leo sijauona kwa mtu mwingine wa rika letu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Uwanja wa 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Kuunyanyua mita moja tu unahitaji mita za ujazo 7,140 za udongo. Tipa linalobeba mita 10 litakwenda na kurudi mara 714, na hapo hujashindilia, maana udongo ukishindiliwa unapungua, kwa hiyo ongeza safari. Huwezi kumwaga wote kwa mpigo halafu upitishe greda juu. Unaondoa kwanza udongo mweusi wenye majani na mizizi, unauweka pembeni kwa ajili ya nyasi. Kifusi kinakwenda tabaka kwa tabaka, sentimita 20 au 30, unamwagia maji, unashindilia, ndipo tabaka jingine. Upande wa mlimani unachimba mtaro wa kukatia maji yasiingie uwanjani. Ukingo wa chini unaotesha majani yenye mizizi mirefu usimomonyoke. Halafu unaacha mvua za msimu mmoja zipite, unaona palipotitia, unarekebisha. Nyasi ni mwisho.

Nchi za wenzetu hata klabu za kurusha ndege ndogo za rimoti zimepewa madampo yaliyofunikwa udongo, na zinaruka vizuri tu. Ila ile ndege haina goti. Sisi tunawaweka pale vijana 22 wenye magoti 44.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Ligi Kuu, sisi wa wilayani tutosheke na goli za miti. Mkoa huu ulishafika Ligi Kuu. Msimu wa 2017/18 Njombe Mji walikuwa nayo, Yanga wakaja Sabasaba na kuondoka na ushindi wa bao moja la Ibrahim Ajibu, Simba nao wakaja. Ulikuwa msimu mmoja, tukashuka. Timu inaweza kurudi tena, na siku ikirudi Bodi ya Ligi haitauliza kijana alikulia kwenye mteremko gani. Viwanja vinafungiwa kila msimu kwa sababu ya eneo la kuchezea, timu inahamishiwa mkoa mwingine, na mashabiki wake wanabaki na redio.

Kwa hiyo kamati yoyote ikija na daftari la michango, kabla hujaulizia jukwaa la wageni au rangi ya geti, muulize mweka hazina mambo mawili: mtaro wa upande wa juu umetengewa kiasi gani, na nani atasimamia kushindilia. Akikwambia hayo yatafuata baadaye, mrudishie daftari lake. Mvua huku zinaanza Novemba. Mimi elfu kumi yangu ya kwanza naiandikisha kwenye mtaro, na nitakuja kuukagua kwa mguu wangu.